Mashine Isiyoteremka

Viatu vya Nazym vilikuwa vimekwisha kupata joto. Kila asubuhi ya baridi, kabla yeye hajafumbua macho, mama mkwe wake alivichukua pale mlangoni akavipanga juu ya bomba la joto chini ya dirisha la jikoni, ndimi zikiwa zimevutwa nje ili ndani pakauke vizuri. Hakuwahi kuacha, na hakuwahi kulitaja jambo hilo hata kwa utani.

"Kaa unywe chai kwanza," Kulyash alisema. "Mashine haitaondoka bila wewe."

"Nikichelewa atapanda mtu mwingine, Apa."

Apa, yaani mama. Nazym hakuwa na mwingine wa kumwita hivyo. Wazazi wake walikufa angali mdogo, na shangazi aliyemlea naye akafuata mwaka ule ule Nazym alipoolewa.

"Basi akimbie huyo mwingine, wewe unywe chai."

Nazym alicheka, akaketi. Kulyash akammiminia chai ya maziwa kwenye kibakuli, mafunda mawili matatu tu. Ndivyo alivyommiminia tangu alipoingia nyumba hii akiwa bi harusi: kidogo kidogo, ili kibakuli kirudi mkononi mwake mara nyingi. Anayetakiwa akae hajaziwi chai. Anayejaziwa hadi ukingoni ameonyeshwa mlango, na kila mtu mjini Almaty analijua hilo tangu utotoni. Kuna jirani wa ghorofa ya pili aliyekuja siku moja kumsengenya binti wa watu. Kulyash alimjazia kibakuli pomoni, akakiweka mbele yake kwa tabasamu tamu. Jirani alikunywa huku akiunguza ulimi, akaaga.

"Unajua ninachokipenda kwenye hiyo mashine yako ya kukimbilia?" Kulyash aliuliza, akisukuma sahani ya maandazi madogo ya moto karibu na mkono wa mkwewe. "Mtu anakimbia weee, jasho linamtiririka, na akimaliza yuko palepale. Hajaenda popote. Namjua alipo."

Nazym aliinamia kibakuli chake. Alitamani chai ile iwe nyingi, apate pa kuficha uso.

Maana leo hakuwa anakwenda kwenye mashine.

Nje ya dirisha milima ilikuwa imekaa juu ya mji, myeupe, karibu kiasi kwamba ungedhani mtu akinyoosha mkono angegusa theluji. Majira manne ya baridi yalikuwa yamepita tangu theluji ya huko iporomoke na kumfunika Arman, mwana pekee wa Kulyash, mume wa Nazym. Baada ya mazishi bibi Kulyash alisema neno moja tu: nyumba hii haitapanda mlima tena. Nazym hakubisha. Alihamia jimu ya mtaa wa pili, kwenye mashine iliyokuwa dirishani, akawa anakimbia kuuelekea mlima kila siku bila kuukaribia.

"Naenda jimu, Apa," alidanganya, akichukua viatu vyake bombani.

"Haya. Funga shingo, upepo wa Machi hauna adabu."

Kisha Kulyash alifanya kama afanyavyo siku zote. Alimwekea sawa hereni zake, moja baada ya nyingine, kwa ncha za vidole. Zilikuwa za fedha, na kila moja ilikuwa na tone la marijani nyekundu. Yeye mwenyewe ndiye aliyemvalisha, siku ile walipokuja kumposa. Mama wa mume akishamvalisha msichana hereni, masikio yale yamekwisha kupata wenyewe. Arman alikuwa kaburini, lakini hereni hazikuwa zimevuliwa, na Nazym alikimbia nazo, akalala nazo, akashona nazo mavazi ya waimbaji kwenye jumba la opera alikofanya kazi.

*

Talgat alikuwa akimngoja pale barabara inapoanza kuingia bondeni, mikono ameitia kwapani, akirukaruka kujipasha joto kama mtoto anayesubiri mlango wa shule ufunguliwe.

"Mwalimu!" aliita. "Nilidhani umebadili mawazo."

"Nimeyabadili mara nne njiani, Daktari. Bahati yako hesabu imeishia upande wako."

Nazym alimwita Daktari kwa sababu Talgat alikuwa daktari wa farasi. Yeye naye alimwita Mwalimu kwa sababu ya siku ile ya Januari walipojuana. Wakati huo moshi wa makaa ulikuwa umeufunika mji, hata wakimbiaji sugu wakakimbilia ndani. Jimu ilijaa. Kwenye mashine iliyo kando ya yake alipanda mwanamume mrefu mwenye viatu vya mlimani, akapandisha mwinuko hadi kumi na mbili, kisha akashika vishikio kwa mikono yote miwili, mwili ameulaza nyuma. Nazym alivumilia, akavumilia, mwisho uvumilivu ukamwishia.

"Samahani, kaka. Unamdanganya nani?"

"Mimi?"

"Umeinua mlima, halafu umejitundika. Mlima wote unaubeba kwa mikono. Miguu imeenda likizo."

"Nikiachia nitaanguka."

"Basi mwinuko huo bado si wako. Teremsha hadi nne, uachie."

Aliteremsha. Aliachia kidole kimoja kimoja, kama mtu anayeagana na ndugu zake. "Sasa mikono niiweke wapi?"

"Nje huwa unaiweka wapi?"

"Nje huwa siifikirii."

"Basi usiifikirie."

Na kweli, mara alipoacha kuifikiria, mwendo wake ukanyooka, ukawa mzuri, mwendo wa mtu aliyezaliwa njiani. Nazym aliangalia pembeni haraka, lakini alikuwa amekwisha kuona.

Siku nyingine Talgat alimuuliza kwa nini huweka mwinuko wa moja hata anapokimbia tambarare.

"Humu hakuna upepo wa kukusukuma kifua," Nazym alimjibu. "Ukiacha sifuri mashine inakuhurumia. Ukiweka moja unakaribiana na barabara ya nje."

"Nani alikufundisha?"

"Mume wangu. Marehemu."

Talgat hakusema pole ile ya kukurupuka ambayo watu humtupia mjane ili wapite. Aliendelea kukimbia kando yake taratibu, mpaka Nazym mwenyewe alipopunguza kasi ya mkanda. Tangu siku hiyo, kila Nazym alipochelewa, alikuta taulo jeupe limewekwa juu ya mashine ya dirishani, ili mtu asiichukue.

*

Walianza kupanda. Njia iliacha lami ikaingia katikati ya misonobari, matope huku, barafu kule, mizizi ikitokeza kama vidole vya mtu aliyelala.

"Nikuonye mapema," Talgat alisema. "Huku hakuna kitufe."

"Kitufe cha nini?"

"Cha kupunguza mlima ukichoka."

"Nani amekuambia huwa nakibonyeza?"

Na Nazym akaondoka.

Mwanzoni alijiona mgeni kwenye miguu yake mwenyewe. Kwenye mashine mkanda hukujia. Hatua zote hufanana, na kazi yako ni kuinua mguu kwa wakati. Huku ardhi haikumjia, ilibidi aisukume. Hatua moja ilikanyaga jiwe, nyingine ikazama, ya tatu ikateleza. Upepo ulimjaa kifuani, ukampuliza jasho kabla halijafika machoni. Mlima nao haukuwa na mwinuko mmoja. Ulilegea kidogo, ukamdanganya, kisha ukasimama wima ghafla mbele ya pua yake.

Lakini mapafu yake yalikuwa tayari. Miguu iliyopanda bila kushika, asubuhi baada ya asubuhi mbele ya dirisha lile, sasa ilipata mlima wa kweli na ikaufurahia. Alisikia pumzi ya Talgat nyuma yake, kisha akaisikia kwa mbali, kisha hakuisikia tena. Ndipo akagundua kitu kingine asichokisikia. Jimuni, kila hatua hereni zake zililia kidogo, ting, ting, sikioni. Hapa upepo ulikuwa umezinyamazisha.

Alifika kwenye benchi la mbao juu ya bonde, akageuka. Mji wote ulikuwa chini yake. Alikuwa amesahau kwamba ni mkubwa hivyo. Akaanza kulia, machozi yenye kicheko ndani yake, akayafuta upesi kwa mkono wa jaketi.

Talgat alitokea kwenye kona, uso mwekundu kama tufaha.

"Mimi," alisema akihema, "njia hii... nimeipanda... tangu sina meno. Aibu gani hii?"

"Mwinuko wa kumi na mbili, Daktari. Bila kushika."

Alijibwaga kwenye benchi, akamtazama. Alimtazama kwa muda mrefu, bila kuficha, kama mtu anavyotazama kitu kizuri ambacho hana haja ya kukidai.

"Ungekuwa farasi," alisema mwishowe, "ningemwambia mwenyewe asikuuze kwa bei yoyote."

"Hiyo ndiyo sifa?"

"Kwenye ukoo wetu hakuna iliyo kubwa zaidi. Marehemu baba hakuwahi hata kumwambia mama."

Nazym alicheka mpaka akainama. Talgat alitoa tufaha mfukoni, akalikata kwa kisu kidogo. Halikukatika sawasawa. Alimpa kipande kikubwa bila kukitazama mara mbili, na Nazym aliliona hilo, akalitia moyoni.

Walikula tufaha lote. Kisha Talgat alifuta kisu kwenye suruali, akakikunja, akakikunjua, akakikunja tena.

"Mama anataka kuja kwenu siku ya Nauryz," alisema. Nauryz, mwaka mpya wa majira ya kuchipua, ilikuwa wiki moja mbele. "Amechoka. Anasema nimeoa farasi. Anataka kuja na hereni."

Mkono wa Nazym ulienda sikioni wenyewe.

"Masikio yangu hayana nafasi, Talgat."

"Naona. Ndiyo maana nakuuliza kabla hajatoka nyumbani. Unanipenda?"

Aliuliza vivi hivi, waziwazi, kama anayeuliza ng'ombe anaumwa wapi. Nazym alitazama mikono yake mwenyewe.

"Nakupenda. Nilianza siku ya taulo."

"Basi?"

"Basi nini? Hereni hizi sizivui mimi. Nikizivua mwenyewe nitakuwa nimemtemea mate mtu anayepasha viatu vyangu joto kila asubuhi. Na siwezi kumwomba azivue. Ana mimi tu. Nami nina yeye tu."

"Sijakuomba umwache."

"Unaniomba nimwambie nimepanda mlima uliomla mwanawe, na juu yake nimekutana na mwanamume. Hebu nipe wewe maneno ya kuanzia. Nipe, niyasikie."

Talgat alikitia kisu mfukoni.

"Sina," alikiri. "Lakini sitamleta mama mlangoni kwenu kinyemela. Usiponiambia neno kabla ya sikukuu, nitamwambia akae nyumbani."

"Nitakuambia."

"Lolote?"

"Lolote."

Wakainuka kushuka. Na hapo ndipo ajabu ilipotokea. Nazym alipiga hatua chache tu za kuteremka, mapaja yakaanza kutetemeka kama kitambaa kwenye cherehani. Alijaribu kucheka, magoti yakamsaliti, akashika tawi la msonobari.

"Nini hiki? Sijachoka! Kupanda nimepanda mbio!"

"Ile mashine yako ina mwinuko hadi ngapi?"

"Kumi na tano."

"Na mteremko?"

Nazym alimkodolea macho. "Haina mteremko."

"Ndiyo hivyo, Mwalimu. Miaka yote hii umepanda tu. Hujashuka hata siku moja. Misuli ya kupanda unayo, tena ya kumtia mtu wivu. Ya kujizuia wakati wa kushuka haijui hata kazi yake." Hakucheka. Alikuja akasimama mbele yake, akampa mgongo. "Weka mikono mabegani kwangu. Egemea. Nitashuka polepole."

"Nitakuangusha."

"Nimewahi kuegemewa na farasi mwenye mimba. Weka mikono."

Aliiweka. Ilikuwa mara ya kwanza kumgusa. Chini ya jaketi mabega yale yalikuwa na joto la mkate uliotoka sasa hivi tanurini. Walishuka hatua kwa hatua, yeye akimkinga, na kila palipokuwa na barafu alisema "hapa," akangoja. Hakugeuka nyuma hata mara moja. Nazym alishukuru, maana uso wake ungemwambia yote.

*

Asubuhi iliyofuata, Nazym aliamka akiwa na miguu ya mtu mwingine. Kukaa kitako alilia kimoyomoyo. Kuinuka alilia tena. Kulyash alikuwa amekwisha kushuka uani kukung'uta zulia, kwa hiyo Nazym alishukuru Mungu, akatoka taratibu kwenda kazini.

Nyumba yao ilikuwa ghorofa ya nne, na jengo halikuwa na lifti. Alishika chuma cha ngazi. Akajaribu mguu wa kulia: paja likawaka moto. Akajaribu wa kushoto: afadhali ule wa kulia. Alisimama pale akifikiri, kisha akageuka, akaipa kisogo ngazi, akaanza kushuka kinyumenyume, kama mtu anayeteremka kutoka darini. Hivyo aliweza. Alimwandikia Talgat ujumbe kwenye simu, huku akicheka kwa maumivu: *Sishuki hata ngazi za nyumbani. Mlima wako umeniroga.*

Alipofika ghorofa ya pili alisikia nyayo zikisimama nyuma yake. Aligeuza kichwa.

Kulyash alikuwa amesimama kwenye ngazi za chini, zulia begani, anamtazama.

"Apa! Ni... jana niliiongezea mashine mwendo kidogo."

Bibi aliweka zulia chini polepole. Alitazama ile miguu iliyogeuka, ule mkono uliong'ang'ania chuma.

"Mashine haimshushi mtu kinyumenyume," alisema. "Arman alishuka hivyo hivyo, kwenye ngazi hizi hizi, kesho yake ya kupanda mlima kwa mara ya kwanza. Alikuwa na miaka kumi na minne. Naye aliniambia ameteguka kwenye mpira." Alilinyanyua zulia. "Rudi juu. Kupanda unaweza, sivyo?"

Walipanda. Kulyash alimfuata nyuma akiwa na mkono mmoja umeinuliwa kidogo, umbali wa shubiri moja kutoka mgongoni mwake, asije akaanguka. Hata katika hasira yake hakuusahau mkono ule.

Jikoni alimketisha kwenye kiti chenye mto. Akachemsha chai. Alifanya yote hayo bila neno, na Nazym alitamani apigiwe kelele.

"Apa, nisamehe. Nilikudanganya."

"Ulikuwa peke yako?"

Nazym alifumba macho. "Hapana."

"Mwanamume?"

"Ndiyo, Apa."

Kibakuli kilichokuwa mkononi mwa Kulyash kiligonga meza. Kabla hajasema lolote, kengele ya mlango ikalia.

Alikuwa Talgat, anahema, kofia mkononi, chupa pana ya dawa kwapani.

"Asalaam aleikum, Apa. Naitwa Talgat. Samahani kuja bila mwaliko. Amesema hawezi kushuka. Basi nimepanda."

Kulyash alimtazama kuanzia viatu hadi nywele. Viatu vilikuwa vya mlimani.

"Hiyo nini?"

"Dawa ya kuchua misuli."

"Ya watu?"

"Ya farasi, Apa. Lakini hawajawahi kulalamika."

"Ingia. Utaleta baridi ndani."

Talgat aliketi ukingoni mwa kiti. Kulyash alichukua kibakuli safi, akamimina maziwa, akamimina chai, akaendelea kumimina. Nazym aliitazama chai ikipanda, ikafika ukingoni, ikavimba juu ya ukingo bila kumwagika. Bibi alikiweka mbele ya mgeni kwa mikono miwili, kwa tabasamu lile lile alilompa jirani wa ghorofa ya pili.

Limekwisha, Nazym alijisemea. Limekwisha kabla hajafungua mdomo.

Talgat alikitazama kibakuli. Alielewa; masikio yalimwiva. Lakini hakuinuka. Alikiinua taratibu, asimwage tone, akanywa yote mpaka chini, machozi ya moto yakimlenga, kisha akakirudisha mbele ya bibi kwa mikono miwili.

"Chai nzuri sana, Apa. Naomba nyingine."

Kulyash alikunja uso. "Hukufundishwa kwenu?"

"Nilifundishwa. Ila nikiondoka sasa utabaki humjui mtu aliyempandisha mkweo mlimani. Niulize kwanza. Ukishamaliza, nifukuze."

Bomba la joto liligugumia chini ya dirisha.

"Unakimbia mlimani hata wakati wa theluji?"

"Januari nzima nilikuwa jimuni, Apa, nimeng'ang'ania vishikio kama mtoto anayejifunza kutembea. Muulize huyu. Alinigombeza mbele ya watu."

Kona ya mdomo wa Kulyash ilitikisika. Aliirudisha mahali pake.

"Jana mkipanda, nani alikuwa mbele?"

"Yeye. Sikumwona hata vumbi."

"Na mkishuka?"

"Mimi, Apa. Miguu ilimkataa. Nilitangulia, akashika mabega yangu."

"Njia yote?"

"Njia yote."

Kulyash aligeukia dirisha. Mlima ulikuwa palepale, mweupe, haujui kitu. Alipozungumza tena hakuwa akimwambia yeyote kati yao.

"Mwanangu alikuwa akishuka mbio. Tangu utoto. Mnapanda pamoja, mnakula, mnacheka, halafu yeye anaruka huyo, mnamkuta nyumbani amekwisha kuoga. Mara ngapi nilimwambia, Arman, ngoja wenzio. Hata siku ile wenzake walisema alitangulia." Alifuta uso kwa ncha ya kilemba chake cheupe. "Mzuri alikuwa, mwanangu. Mzuri jamani. Lakini hakujua kungoja."

Nazym aliinuka, miguu ikipiga kelele, akaenda akamkumbatia kwa nyuma. Walisimama hivyo. Talgat aliinamisha kichwa, akawa anakagua kizibo cha chupa yake.

"Apa, sitakwenda popote," Nazym alinong'ona. "Nitamwambia hapana. Nitarudi kwenye mashine."

"Kukimbia palepale?"

"Palepale. Ulipoweza kunijua nilipo."

Kulyash alijigeuza mikononi mwake. Alimtazama yule mwanamke wa miaka thelathini na tatu, mashavu yake yakiwa na rangi ya upepo wa jana, rangi ambayo bibi hakuwa ameiona tangu msiba.

"Nilikuwa nakuona kutoka barabarani," alisema. "Nikienda sokoni. Ulivyokuwa dirishani pale, unakimbia, unakimbia, macho umeyatupa milimani. Nilijiambia, afadhali, yuko salama. Kisha nikirudi nyumbani chakula hakipiti." Alivuta pumzi. "Kaa chini, kipenzi changu, kitoto changu cha ngamia. Kaa, miguu inakuuma."

Akaleta kiti chake karibu na cha Nazym. Akashika hereni ya kulia. Kulabu ilikuwa imekaa miaka mingi, ikagoma. Bibi alichovya kidole kwenye siagi iliyokuwa mezani, akapaka ndewe ya sikio taratibu, akaizungusha, akaivuta. Ikatoka. Akafanya hivyo hivyo kwa ya kushoto.

Aliziweka hereni kwenye kiganja cha Nazym, akakifunga kwa mikono yake miwili.

"Ni zako. Mwekee binti utakayemzaa. Mimi nimeyafungua masikio tu."

"Apa..."

"Na wewe," alimgeukia Talgat. "Mama yako yu hai?"

"Yu hai, Apa. Anataka kuja siku ya Nauryz, ila..."

"Aje. Mwambie ngazi ni nyingi na lifti hakuna, avae viatu vya adabu. Na akifika asiulize wazazi wa huyu wako wapi." Alinyoosha mgongo. "Mara ya kwanza nilikuwa upande wa wanaoposa. Safari hii nitakaa upande wa bi harusi. Atakayeombwa ni mimi. Na nitaringa, nawaambia mapema. Nitaringa mpaka mama yako ajute kuzaa mtoto wa kiume."

Nazym alikuwa akilia waziwazi sasa, masikio yake matupu yakiwa mepesi ajabu, yanang'aa siagi. Talgat akasukuma tena kibakuli chake kitupu mbele ya bibi.

Kulyash alikichukua. Alimimina maziwa, akamimina chai, akasimamisha birika.

Talgat alikipokea, akatazama ndani. Palikuwa na mafunda mawili, pengine matatu.